Vigae Visivyo na Risasi

Ihanda, Karagwe
12 Novemba 2024

Deodatha mwanangu,

Pokeeni salamu wewe na Egbert wako. Huku tunaendelea, mvua inanyesha mpaka kuku wamechoka kukimbia. Senene wameanguka wiki hii. Nimekaanga mwenyewe, nimejaza kopo moja, na Theoneste atalifikisha kwenye basi pale Omurushaka na pikipiki yake. Mwambie kondakta nimewapima kwa macho, akila hata mmoja nitajua.

Ile migomba ya nyuma ya jiko imeshikwa na mnyauko, nimeing'oa. Kahawa inaendelea vizuri. Kwaya ndiyo imeniudhi. Mwalimu wetu Gosbert, mtoto niliyemfuta makamasi, ananiambia mbele ya watu kwamba naimba nimewaacha wenzangu nyuma. Nikamwambia wao ndio wavivu, wakimbie.

Umelalamika sipokei simu. Simu yangu imeharibika spika. Na hata ingekuwa nzima, mambo ya ukoo hayasemwi mtu akiwa anamenya ndizi. Na hizo meseji zenu ni kama kikohozi, mtu kasema nusu kanyamaza. Niandikie barua, nina macho.

Sasa neno lenyewe. Baba yako alipofariki aliniachia wewe, na mimi ni shangazi yako, kuna maswali ambayo ni mimi tu ninayeruhusiwa kuyauliza. Ila sitauliza. Kama kuna habari ndani ya nyumba yenu, usiniandikie. Mara ya kwanza ulimwambia kila mtu kazini. Mara ya pili mkaweka picha kwenye kundi la ukoo, wewe na Egbert mmeshika viatu vidogo vya sufu, watu mia wakakodoa macho. Haikupita wiki tatu ukanipigia unalia. Mimba haitangazwi, mwanangu. Inakua kimya mpaka ijitangaze yenyewe.

Na watu wananiuliza unafanya kazi gani Arusha. Nawaambia anachoma vigae. Wanauliza, vya kuezekea? Nijibu nini?

Ni mimi shangazi yako,
Joanitha

Arusha
1 Desemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Senene wamefika salama, kondakta ni mwaminifu. Egbert, ambaye kwao hawajui kula panzi hawa, alikula akiwa amefumba macho, halafu akafumbua akaongeza. Shule zinakaribia kufungwa, anasahihisha mitihani mpaka ananisahau. Mimi sijambo, ila situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nakwenda kuangalia tanuri.

Waambie hivi wanaouliza. Unakijua kiberiti cha gesi kinacholia "ta!" kikatoa cheche? Ndani yake kuna kigae kidogo. Ukikigonga kinatoa umeme, na ukikipa umeme kinatikisika. Ndicho kinacholia ndani ya kengele ya wizi ya pikipiki ya Theoneste mtu akiigusa. Ndicho kilicho kwenye kile kifaa wanachompitishia mama mjamzito tumboni wamwone mtoto. Dunia imejaa vigae hivyo na watu hawavijui.

Ubaya wake ni kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Si ya bunduki, ni ile madini, ile nzito. Kigae kikiwa kizima ndani ya kifaa hakimdhuru mtu. Anayedhurika ni anayeusaga unga wake, na baadaye yule anayevunja na kuchoma vifaa vibovu jalalani. Inaingia kwenye damu, inakaa kwenye mifupa miaka na miaka. Sisi tunatafuta kigae kinachofanya kazi ileile bila risasi. Tunatumia madini yanayoitwa niobi, magadi, na chumvi fulani inayofanana na ile ya majivu ya maganda ya ndizi.

Basi ndivyo, kwa kusema tu. Kwa kutenda, vinapasuka. Tanuri likizidi moto kidogo vinayeyuka, likipungua havishikani, na umeme ukikatika katikati tunaanza upya. Mkuu wetu, Profesa Melkiory, ni mtu mwema lakini amechoka. Mwezi wa sita mradi unakwisha, na wenye kiwanda wanaoulipia wanataka kuona kitu.

Kuhusu nyumba yetu, hakuna habari.

Spika ya simu ikitengenezwa nijulishe. Nina hamu ya sauti yako.

Mwanao,
Deodatha

Ihanda
8 Januari 2025

Deodatha,

Marahaba. Krismasi ilipita vizuri, tulichinja mbuzi, na mwalimu wa kwaya aliniweka mstari wa nyuma kabisa. Nilimwangalia tu.

Pikipiki za siku hizi hazipigi honi. Juzi moja nusura inivunje mguu hapa njiani, na yule kijana anasimama ananipungia mikono, mdomo wazi, anadai alipiga honi mara nne. Nne! Mwongo mkubwa. Hicho kigae chako cha kengele sijakisikia kikilia mahali popote.

Wiki iliyopita nilikwenda Kyerwa kwa shughuli zangu, nikalala huko siku mbili. Usiniulize shughuli gani.

Nimekuwekea kopo la majivu. Nilipoisoma barua yako nikasema, kumbe mwanangu anahangaika kutafuta chumvi ya majivu wakati mimi namwaga! Nimekausha maganda ya ndizi, nimeyachoma, nimeyachekecha kwa kitambaa safi. Mpelekee profesa, mwambie yametoka kwenye migomba ya kibanja cha babu yako.

Karatasi ya chuo uliyoniandikia ni nzuri. Ina nembo na namba za simu tatu juu, hata mimi najiona mkubwa nikiishika. Naihifadhi kwenye Biblia.

Hayo ya risasi kukaa kwenye mifupa sikuyapenda. Wewe uliusaga unga huo? Tangu lini? Nijibu.

Shangazi yako

Arusha
2 Februari 2025

Shangazi, shikamoo, na mwaka mpya wenye heri ingawa nimechelewa.

Majivu yamefika. Nisamehe, profesa hakuweza kuyatumia, maana ndani ya majivu kuna vitu vingi vingine na sisi tunataka chumvi ile peke yake, safi kabisa. Lakini usisikitike. Cassian, fundi wetu wa tanuri, aliomba kidogo akapikia maharage. Yaliiva upesi, akaja kunipigia saluti. Kwa hiyo umeingia chuoni kwa mlango wa jikoni.

Shangazi, kigae kimoja kimefanya kazi! Nilikifunga kwenye taa ndogo sana, nikakigonga kwa penseli, taa ikawaka. Nikagonga tena, ikawaka tena. Cassian alicheza pale pale na koleo lake. Sikulala kwa furaha.

Siku ya tatu kigae kilikuwa kimenyonya unyevu wa hewa kikavunjika kama biskuti kwenye chai. Tumeanza tena. Sasa tunaukausha unga kabla ya kuupima, na tunabadilisha vipimo kidogo kidogo. Nahisi tuko karibu, ndiyo maana situlii.

Profesa anasema wenye kiwanda hawataamini mpaka tuweke vigae vyetu kando ya vile vya risasi, vilivyotengenezwa kwenye tanuri hilohilo na mikono ileile. Mikono yenyewe ni yangu.

Wale senene waliobaki nilimpa Cassian. Siku hizi harufu yao inanipiga kichwani, sijui ni mafuta yaliyoharibika.

Theoneste nilimpigia kuhusu mzigo. Anasema simu yako ni nzima, aliijaribu mwenyewe, spika inaunguruma mpaka mbuzi wanashtuka. Shangazi, kuna nini?

Wako,
Deodatha

Ihanda
23 Februari 2025

Mwanangu,

Marahaba. Huyo Theoneste abebe mizigo, asibebe maneno. Simu ni mbovu.

Mtoto wa Ihanda hali senene. Haya. Nimesoma sentensi hiyo mara mbili, nikaweka karatasi chini, nikatoka nje kuzunguka kibanja. Nimeelewa, na sitaandika nilichoelewa. Wewe pia usiniandikie.

Ila sikiliza. Usimwambie jirani. Usimwambie profesa, wala huyo Cassian wa maharage, wala wenzako wa kanisani. Vaa magauni mapana. Ukitapika, sema ni malaria. Watu wana macho, na wengine hata hawajui kama macho yao ni mabaya. Safari hii tunyamaze wote, mimi na wewe na mumeo, mpaka tumbo lenyewe liseme. Egbert nimemtumia salamu zake pembeni, amekubali.

Nilikuuliza kama uliusaga ule unga na hukunijibu. Ulinipa habari za biskuti.

Nakuombea asubuhi na jioni, nasema kwa Mungu bila kutaja jina, Yeye anajua.

Shangazi yako Joanitha

Arusha
9 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, Egbert anakusalimu. Salamu nyingine utanidai, leo siwezi.

Ndiyo. Nina mimba ya miezi mitatu. Nimeandika, nisamehe, maana nisipoandika leo nitaharibikiwa.

Na jibu la swali lako ni ndiyo pia. Niliusaga. Kabla ya kuja kwenye kazi hii ya vigae salama, nilifanya vile vya risasi miaka sita, huko nilikosomea na hapa. Unga wa njano, laini kama poda ya mtoto. Miaka ya mwanzo tulivaa barakoa za kitambaa tukicheka. Baada ya yule wa pili kutoka, nilipima damu bila kumwambia mtu, hata Egbert. Risasi ilikuwemo. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ndiyo iliyowaua watoto wangu, lakini akaniambia nisiukaribie tena unga ule, hasa nikiwa na mimba, kwa sababu inapita kwa mama ikaingia kwa mtoto. Ndiyo maana niliiomba kazi hii. Watu wanadhani napenda sayansi. Mimi nina hasira, Shangazi.

Sasa Jumatatu ya tarehe 24 natakiwa kuingia chumba cha unga kupima risasi kwa ajili ya vile vigae vya kulinganisha. Mlangoni pameandikwa kwa herufi nyekundu: mjamzito haruhusiwi kuingia. Hakuna atakayenilazimisha. Nikisema neno moja tu, nimetoka. Lakini neno hilo ndilo ulilonikataza.

Usinicheke. Mimi ninayetumia mizani inayopima hata punje ya vumbi, naogopa macho ya watu. Nikifika mbele ya profesa mdomo unafungwa. Nakumbuka vile viatu vya sufu. Najiambia nitavaa barakoa mbili, nitapumua kidogo kidogo. Halafu namkumbuka daktari. Egbert anasema tumtii shangazi. Nazunguka meza mpaka miguu inavimba.

Niruhusu niseme. Nikisema bila ruhusa yako kisha litokee jambo, sitaweza kuinua macho mbele yako tena. Nijibu kabla ya tarehe 24, kwa barua, kwa Theoneste, kwa njia yoyote.

Na wewe pia, Shangazi. Kwaya, honi, simu. Umekuwa husikii, siyo? Mficha maradhi, kilio humfichua. Ulinifundisha mwenyewe.

Deodatha

Ihanda
21 Machi 2025

Deodatha,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Theoneste alikuwa nayo kwenye mfuko wa koti tangu Jumamosi, koti likaloa, akaliacha kwao likauke, yeye akaenda msibani. Nimemtukana mpaka nikaishiwa maneno ya Kiswahili nikaendelea na Kinyambo. Leo Ijumaa. Nikahesabu, nikaona barua yangu itakukuta umeshaingia kwenye kile chumba.

Basi nikachukua karatasi yako ya chuo kwenye Biblia. Nikamwambia Theoneste, piga hizi namba zote tatu mpaka mtu apokee, akipokea niinulie kidole. Ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Ya tatu akainua kidole, akanipa simu.

Nikasema. Sijui nilikuwa nasema na nani, awe profesa awe mfagizi. Nikasema: Mimi naitwa Joanitha, niko Ihanda, Karagwe, shangazi yake Deodatha anayechoma vigae. Mwanangu ana mimba. Ana mimba ya miezi mitatu, na wawili wametoka kabla ya huyu. Asishike risasi. Asiingie chumba cha unga Jumatatu wala siku nyingine. Sisikii unachonijibu, kwa hiyo usihangaike kujibu, masikio yangu yamekufa. Nikarudia yote tangu mwanzo, asije akawa na masikio kama yangu. Nikakata.

Theoneste anasema nilikuwa napiga kelele mpaka watu wamesimama barabarani. Kwa hiyo wamejua na hapa. Sawa. Nimetangaza mimi, kwa mdomo wangu. Kama kuna jicho, lije kwangu, mimi nimeshazeeka, litanikuta navuna maharage. Wahenga walishasema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa naimba methali hiyo kwa wengine tu.

Ndiyo, sisikii. Sikio la kushoto limekwenda tangu mwaka juzi, la kulia linalifuata. Kyerwa nilimfuata daktari wa masikio aliyekuja kupima watu siku chache. Alinibandika chuma kinachotetemeka mbele ya sikio, kimya. Akakihamishia kwenye mfupa wa nyuma, nikakisikia! Akasema ndani ni pazima, ubovu uko kwenye mlango. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi uje kunilea, na mimi sitaki kulelewa.

Tafadhali nijulishe alisema nini yule mtu.

Shangazi

Ihanda
14 Aprili 2025

Deodatha,

Mbona kimya? Ile meseji yako ya tarehe 24, "Sijaingia, barua inafuata", nimeisoma mpaka simu imeisha chaji. Barua haikufuata. Theoneste naye akimpigia Egbert anajibiwa tu "wanaendelea". Wanaendelea na nini?

Nilisema jicho lije kwangu. Nimekaa hapa nalisubiri na haliji, nami sipendi linavyochelewa. Kahawa inanidondokea chini. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni mbaya.

Joanitha

Arusha
11 Mei 2025

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo mara saba kwa wiki saba za kimya.

Nianze na mwisho: yumo, anapiga mateke, amepita miezi mitano.

Usiku wa tarehe 25 Machi nilianza kuona damu. Nililazwa, kisha nikaamriwa kulala nyumbani bila kuinuka. Nilimkataza Egbert asiseme. Sikuwa na nguvu ya kukuandikia kwamba umetangaza na siku chache baadaye damu imekuja. Nilijua utasema ni wewe. Si wewe. Daktari amesema ni kondo la nyuma tu, lilikuwa limekaa chini mno, na sasa limepanda. Ungeniona nikilia siku aliponiambia hivyo ungedhani nimefiwa.

Sasa habari ya simu yako. Aliyepokea ni profesa mwenyewe! Tulikuwa kwenye kikao, watu wanane, naye huwa anaweka simu ya ofisi kwenye spika. Sauti yako ikajaa chumba kizima. Profesa anajibu, "Ndiyo mama, nimekusikia mama," nawe unaendelea. "Mama, nimeelewa!" Unaendelea. Mara ya pili ulipoanza upya kwamba unaitwa Joanitha uko Ihanda, alisimama, akavua miwani, akasikiliza akiwa amesimama mpaka ukakata. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimefunika uso kwa koti la maabara. Profesa akaniuliza, "Ni kweli?" Nikaitikia kwa kichwa. Akatoka, akafunga chumba cha unga, ufunguo akampa Cassian, akasema unga huo atapima yeye mwenyewe, mwanamume mzee asiye na kitu cha kupoteza. Nimefanya naye kazi miaka mitatu bila kuweza kusema maneno mawili, nawe ulimmaliza kwa dakika mbili.

Walichoma vigae vya risasi bila mimi. Nilipokuwa kitandani Cassian alichoma pia vyetu, kwa vipimo vya mwisho nilivyomwachia. Vimekaa wiki tano kwenye unyevu, havijavunjika! Havijafikia nguvu ya vile vya risasi, nisikudanganye, labda theluthi mbili. Lakini wenye kiwanda wameona, wameongeza mwaka mmoja. Kile kifaa nilichopimiwa tumboni hospitalini bado kina kigae cha risasi ndani, kimefunikwa vizuri, hakimdhuru mtu. Siku moja nataka kiwe na chetu.

Kwenye mzigo huu kuna kiboksi. Kimetengenezwa na Cassian, kigae kilichobandikwa kwenye kile kipande cha chuma ni cha kwetu, hakina risasi hata chembe, ukikiangusha kibanjani migomba haitadhurika. Bonyeza kitufe chekundu, kisha ubandike chuma kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, pale pale alipokubandika daktari wa Kyerwa. Kibane kidogo. Sauti ni ndogo. Hospitali waliniruhusu kurekodi.

Sikwambii ni sauti ya nini.

Mwanao,
Deodatha

Ihanda
1 Juni 2025

Deodatha mwanangu,

Marahaba mara saba, na ya nane ni ya kukukaripia. Wiki saba! Hilo tutaongea nikija.

Kiboksi kimefika. Nilibandika, kimya. Nikasema hawa wamenitumia kokoto. Theoneste akanionyesha kwa ishara nikisogeze chini. Nikakisogeza, nikabana.

Waitu, jamani! Kilikuja ndani ya kichwa, hakikupita sikioni kabisa. Kinakwenda mbio, mbio, kama mtu anayetwanga akiwa na wageni mlangoni. Nilijua palepale ni moyo wake, sikuhitaji kuambiwa. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kwa sauti, ndizi zikaungulia jikoni, nikaziacha ziungue. Mwaka mzima sijasikia kitu sawasawa, Deodatha, hata sauti yangu mwenyewe nilikuwa naikisia. Na kitu cha kwanza kukisikia ni yeye.

Sasa usinikasirikie. Jumapili nilikibeba kanisani. Baada ya ibada nikawapanga wanakwaya mstari mmoja, nikawabandika nyuma ya sikio, mmoja mmoja, kuanzia mwalimu Gosbert. Halafu mchungaji. Halafu wazee wa kanisa, halafu kina mama wote, halafu walevi waliokuwa wanapita barabarani. Kila mmoja nikamwambia, huyo ni wa kwetu, ana miezi sita, anatoka Arusha anakuja. Ihanda nzima imemsikia. Mwenye macho aangalie.

Mwezi wa nane nitapanda basi Omurushaka, niwe hapo kabla yake. Nitakuja na ndizi, usinunue.

Betri imeisha. Nitumie nyingine haraka, kuna watu wa Ihembe wamekuja kwa miguu na bado hawajasikia.

Shangazi yako,
Joanitha